Mtu wa Chini

Nilikuwa juu ya mnara wa simu, nimeukumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mama yake siku ya sindano, nilipoona mtu anafungua shati langu mlangoni.

Ukiwa kule juu, mtu ni kofia na mabega tu. Huyu alikuwa na kofia ya kazi ya njano, mpya kabisa. Gari lake sikulisikia likiingia kwa sababu ya upepo. Lilikuwa getini, mlango wazi, kama la mtu aliyebanwa na mkojo. Alihangaika na fundo mpaka likafunguka. Akalikung'uta shati, akalitundika kwenye uzio vizuri tu, kwa adabu, utadhani anamsaidia jirani kuanua nguo. Kisha akatoa ufunguo, akaingia chumba cha mitambo.

Nieleze habari ya shati. Katika kazi yetu, anayepanda alikuwa anavua shati la kazi na kulifunga mikono kwenye komeo la mlango huo. Shati likiwa mlangoni, kuna mtu juu, na hakuna mkono unaogusa swichi mpaka mwenyewe ashuke alivae. Kampuni iliwahi kutugawia kufuli nyekundu za kazi hiyo. Zikapotea moja moja, hazikununuliwa nyingine. Shati halikuwa na shida hiyo, kila mtu alikuja na lake.

Tena shati halikukaa peke yake. Kulikuwa na mtu wa chini. Mmoja akipanda, mwenzake anasimama kwenye mguu wa mnara, shingo juu. Hali, hasinzii, hapokei simu. Mtu wangu wa chini, miaka nenda miaka rudi, alikuwa shemeji, mume wa mdogo wangu wa kike.

Nikatazama kwenye mguu wa mnara. Hapakuwa na mtu.

Miezi ile ilikuwa mibaya. Maneno yalianza chinichini, kwenye karakana, kwamba jina la kampuni litabaki lakini kazi watapewa wakandarasi. Siku moja bosi akatuita, akasimama mbele yetu akipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Hamfukuzwi," akasema. "Mnahamishwa."

Fundi mmoja mnene tuliyemwita Betri akajibu kutoka nyuma, "Hata ng'ombe anayepelekwa machinjioni anahamishwa, bosi."

Tulicheka sana. Tulicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Tangu hapo tulikuwa watu wa kusubiri simu. Unapigiwa na sauti ya mtu usiyemjua, anakwambia mkandarasi amekuchukua, au anakwambia asante kwa utumishi wako. Betri alipigiwa akiwa kwenye foleni ya kunyoa. Alishukuru, akakata simu, akanyoa, na hatukumwona tena kazini. Watu walianza kwenda na simu hata bafuni. Nyumbani mke wangu aliacha kuniuliza habari za kazi. Simu ikiita tu, hata kama ni mtu kakosea namba, alizima jiko na kusimama pale pale na mwiko mkononi.

Na wakandarasi walikuwa wameshaingia. Walipewa funguo za vyumba vyetu kabla sisi hatujaambiwa lolote. Walibadilisha nyaya mbio mbio, hawakuandika chochote juu ya swichi, wakaondoka. Ukifungua sanduku la umeme unakuta safu ya swichi zisizo na jina, kama watoto wa shule waliokataa kumtaja aliyevunja kioo.

Asubuhi ile shemeji alikuwa na habari kwamba leo ni zamu yetu, tungepigiwa yeye na mimi. Dada, mke wake, alikuwa na mimba kubwa, anapumua kwa shida hata akikaa. Tulikuwa tumetumwa kubadilisha taa nyekundu ya juu kabisa, ile inayoonya ndege. Nilikuwa nafunga mkanda wa kupandia shemeji aliponiuliza.

"Shem, wakipiga ukiwa juu?"

"Watapiga tena."

"Na wasipopiga tena?"

"Basi utakuwa umefukuzwa ukiangalia juu. Afadhali kuliko kufukuzwa ukichungulia tundu la choo."

Akacheka, lakini simu alikuwa ameishika kama mtu aliyeshika yai.

Hatukujua swichi ipi inapeleka umeme kwenye taa, kwa hiyo tulizima zote. Mnara wote ukafa. Na hapa ndipo sisi wawili, watu tuliokula mtandao maisha yetu yote, tulipokosea kosa la kijinga: hatukukumbuka kwamba tukizima mnara, tumejizimia na sisi. Simu yake ilibaki bila hata mstari mmoja. Alivumilia, baadaye dada alinieleza hivyo na mimi naamini. Akaigeuza huku, akaiinua kule. Mwisho akaenda zake mpaka kwenye kona ya barabara kuutafuta mtandao wa mnara mwingine. Mimi sikumwona akiondoka. Mikono na macho yangu vilikuwa kwenye taa.

Basi nilikuwa hivi. Taa ya zamani nimeshaitoa. Waya wake niko nao mkononi, ncha zimemenywa, shaba inang'aa, na umeme ukiwashwa unafika hapo. Nikiuachia, upepo utaupeleka kwenye chuma, na chuma ndicho nilichofungwa nacho. Kuna waya mnene unaotakiwa kuupeleka umeme wa namna hiyo ardhini, lakini wa mnara ule ulishaibwa. Tuliripoti mpaka tukachoka. Na utepe wa kufungia ncha ulikuwa kwenye mfuko nyuma ya mgongo, unataka mikono miwili. Mmoja ulikuwa na waya. Wa pili ulikuwa umeshika mnara, na ulikataa kuachia. Niliuamuru, ukakataa. Nimepanda minara tangu ujana wangu, na siku ile mkono wangu mwenyewe ulinikatalia.

Nikapiga kelele. Upepo uliichukua sauti mdomoni kabla haijafika popote.

Kisha nikasikia feni.

Zilikuwa feni za kupoza mitambo, mle chumbani. Zinapoanza hukohoa kwanza, halafu zinavuma. Maana yake swichi ya kwanza ilikuwa imewashwa, na jamaa alikuwa anaendelea na safu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Sikuwaza watoto. Watu husema huwaza watoto. Mimi niliwaza kidole cha yule mtu, nikakiona kabisa, na kucha yake.

Kuna kitu ambacho fundi wa mnara hafanyi hata akilewa: hadondoshi kifaa. Spana ikitoka juu kule ikimfikia mtu, kofia haisaidii. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kupanda. Ule mkono uliokuwa umekataa kila kitu ukaachia mnara wenyewe, ukashuka kiunoni, ukachomoa spana kubwa, ukaiachia.

Niliitazama ikienda. Ilizunguka polepole, ikawa ndogo, ikapotea machoni. Halafu paa la bati likapasuka kwa mlio ulioniingia mpaka kwenye meno.

Jamaa akatoka mbio, mikono kichwani.

"Nani huyo?" akapaza sauti kuelekea kwenye uzio, kuelekea barabarani, kote isipokuwa juu. "Mnataka kuniua?"

Nadhani alilikumbuka shati. Aligeuka akalitazama pale kwenye uzio, likipepea, kisha akainua uso taratibu. Akavua kofia yake ya njano. Akarudi ndani akitembea kinyumenyume, na feni zikanyamaza.

Kushuka sikumbuki. Nakumbuka nimekaa kwenye kokoto, suruali imelowa, na yeye amechuchumaa mbele yangu ananipa maji. Alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ofisini wanapiga simu kwamba wateja hawana mtandao, naambiwa nikimbie niwashe. Nilidhani shati la mlinzi."

"Wewe ukipanda, nani anakaa chini?"

Hakunielewa haraka. "Hakuna," akasema. "Sisi tunapanda mmoja mmoja."

Hapo ndipo shemeji alipotokea kwenye kona ya barabara, anakimbia, simu ameinyanyua juu kama kombe.

"Shem! Tumechukuliwa! Wote wawili!" Akanikumbatia pale pale nilipokaa. "Wamekutafuta wewe wamekukosa, nikawaambia yupo, anakubali! Kuna mabadiliko madogo tu, kila mtu atakuwa na mnara wake..."

Akaona suruali yangu. Akaliona paa lililotoboka, na shati kwenye uzio. Alikaa chini kando yangu, akaiweka simu kwenye kokoto, kioo kikiangalia ardhi. Habari ya kona ile, hata leo hatujaambiana.

Mimi nilikataa ile kazi. Nilimwambia mtu wa simu neno moja, sipandi, akaniuliza sababu, nikakata. Dada akaja nyumbani amejishika kiuno.

"Kaka, mwambie na yeye akatae. Wewe anakusikiliza."

"Nikimwambia akatae, huyo aliye tumboni atalelewa na nini?"

Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. Shemeji akaenda kazini.

Siku hizi natengeneza simu kwenye kibanda. Dada hunipigia asubuhi, haamkii, anasema tu, "Kaka, leo anapanda," na mahali. Nafunga kibanda. Kuna siku siwezi kwenda, na siku hizo nafungua simu za watu nashindwa kuzifunga. Nikienda, nasimama kwenye mguu wa mnara, shingo juu. Viganja vinanitoka jasho kana kwamba ni mimi niliye kule. Hofu ile haikushuka na mimi.

Wiki iliyopita alikuja msimamizi wa mkandarasi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, na funguo zake mkononi.

"Mzee, hapa haparuhusiwi mtu. Wewe ni wa nani?"

"Shemeji yangu yuko juu," nikamwambia, bila kushusha shingo.

Alisimama nyuma yangu. Sikumwona. Nilisikia funguo zikilia mkononi mwake, na njia ya kwenda chumba cha mitambo ilikuwa wazi, hatua chache tu kutoka alipokuwa.

Kisha funguo zikatumbukia mfukoni, zikanyamaza, na hatua zake hazikuenda popote.