Kopo la Artemia

Symphorien alirudi nyumbani mtaani Bel-Air Jumamosi moja asubuhi, wakati wa baridi, akiwa na pikapu ya kukodi na wanaume wawili wa kubeba mizigo. Hakubisha hodi. Tangu Pasaka alikuwa amehamia mtaa wa Ruashi kwa mwanamke mwingine anayeitwa Shalom, lakini aliingia sebuleni kama mtu aliyetoka kununua mkate tu. Akaonyesha kidole tangi kubwa la kioo lililokuwa pembeni mwa dirisha.

"Aquarium ni yangu," alisema. "Ni hiyo nakuya kubeba."

Mke wake, Émerance, alitoka jikoni na unga wa sukari mikononi. Kazi yake ilikuwa kuoka keki za harusi, na siku ile alikuwa na moja ya kupeleka mchana.

"Beba," alijibu. "Lakini bale samaki balitaga mayai jana. Ukibatikisa leo, mayai yote inakufa."

"Ikufe! Miaka yote hii, kuko hata kamoja kalipona mu mikono yako? Hata samaki banakushinda kulea."

Wale wabebaji waliangalia chini. Mmoja alijifanya kukunja bomba la kutolea maji.

Tangi lilikuwa la Symphorien kweli, alilinunua yeye. Lakini aliyebadilisha maji, aliyesugua vioo, aliyekesha na samaki wagonjwa, alikuwa Émerance. Samaki wenyewe walikuwa skalari wawili, dume na jike, bapa kama sahani, wenye mistari myeusi na mapezi marefu kama riboni. Walikuwa wakitaga mara kwa mara juu ya kigae kilichosimama ndani ya tangi. Mayai yalipasuka, watoto waliogelea siku chache, kisha wakaisha. Symphorien aliwatupia chakula cha unga wa pakiti, hawakula, naye akamlaumu mkewe.

Wakati maji yanatolewa, Émerance alileta beseni la plastiki, akachota maji ya tangi, akakichomoa kile kigae chenye mayai na kukiweka ndani ya beseni. Kwenye meza akaokota pampu ndogo ya hewa.

Symphorien akacheka. "Shika byote. Utabalisha keki?"

Pikapu ilipoondoka, sebule ilibaki na alama ya mraba sakafuni na unyevu. Émerance hakulia. Alipeleka keki ya watu mahali pake, kisha akapanda taksi kwenda mjini kwa Musonda, muuzaji wa samaki wa mapambo, mtu mnene aliyeleta bidhaa zake kutoka Zambia.

"Mama, skalari wadogo habatakula ile unga hata siku moja," Musonda alimwambia. "Banataka kitu yenye kutembea. Banataka artemia."

Alimfungulia kopo dogo. Ndani mlikuwa na kitu kama vumbi la kahawia, laini kuliko kahawa ya kusaga. Musonda alisema kila chembe ilikuwa yai la mdudu wa maji ya chumvi, jamaa ya uduvi, na kwamba mayai yale hukaa makavu miaka bila kufa, yakingoja tu maji. Akamweleza namna ya kuyaamsha: chupa ya plastiki ikatwe kitako na kugeuzwa kichwa chini, maji na chumvi, kijiko kidogo cha mayai, bomba la hewa mpaka shingoni ili yasitulie, na taa kando.

Mara ya kwanza hakutoka hata mmoja. Chupa ilikuwa dirishani, na baridi ya Juni iliyafanya maji kuwa kama ya kisimani. Mara ya pili aliisogeza jikoni karibu na jiko la keki, palipo joto wakati wote. Kesho yake jioni aliona ndani ya chupa wingu la rangi ya machungwa. Aliinama. Wingu lile lilikuwa linaruka-ruka. Akazima hewa kama alivyoelekezwa, maganda yakapanda juu, wadudu wakajikusanya chini penye mwanga. Akawavuta kwa bomba, akawachuja kwa kitambaa, akawasuuza chumvi, akawaachia ndani ya beseni.

Samaki wadogo, ambao siku ile ndipo walikuwa wameanza kuogelea, walijikunja na kuwadaka. Baada ya muda mfupi kila mmoja alikuwa na tumbo la machungwa.

"Angalia, Symphorien," Émerance alisema peke yake jikoni, kwa sauti ya juu. "Angalia vizuri, mujinga."

Ndivyo alivyoishi wiki zile. Aliwalisha asubuhi, mchana na jioni, na kila alipowalisha alimtukana mtu asiyekuwepo. Majirani wa upande wa ukuta walimsikia. Samaki walinenepa. Yeye alikonda.

Siku moja alasiri, mtu aligonga geti. Émerance alifungua akamkuta mwanamke kijana, aliyevaa pagne safi ya kitenge na sweta, mkoba kifuani. Alimjua kwa picha ambazo watu wenye nia njema walikuwa wamemwonyesha kwenye simu. Alikuwa Shalom, binti wa wafanyabiashara wa jumla kutoka Butembo.

"Jambo, yaya," alisema Shalom, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa.

"Yaya ya nani? Semea palepale."

Shalom hakusogea. Ilionekana alikuwa ameyajua mapokezi kabla ya kutoka kwake. "Ni juu ya samaki. Balitaga tena kule nyumbani. Sasa batoto banaanza kuogelea, na banakufa. Symphorien iko ananilaumu mimi. Nilienda kwa Musonda, akasema artemia imeisha, lakini kuko mama mumoja wa Bel-Air mwenye anajua kuizalisha. Akanipa adresse. Nilipoona ni hapa, karibu nirudi."

"Na haukurudi."

"Sikurudi. Bale batoto ya samaki habakukosea mutu."

Sentensi ile ilimuudhi Émerance kuliko tusi lolote. Alimtazama mwanamke huyu aliyesimama wima kwenye geti lake, aliyekuja kuomba bila kuinama. Kitu kikamkaa sawa kifuani, baridi na chepesi.

"Ingia," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu. "Ingia, mwana. Utakunywa chai."

Alimketisha jikoni, akamwonyesha kila kitu. Hakuficha hata hatua moja. Alimwambia chumvi kiasi gani, alimtahadharisha juu ya baridi, alimwonyesha chupa iliyogeuzwa na wadudu wanavyokimbilia mwanga. Shalom aliuliza maswali mazuri na kurekodi majibu kwenye simu. Alipoinama juu ya beseni na kuwaona samaki wadogo wenye matumbo ya machungwa, alisahau alipo. "Oh! Biko bizuri, vraiment!"

"Enda ukae ku salon, chai yako inapoa," Émerance alisema. "Minakutilia mayai kidogo mu kopo."

Akabaki peke yake. Alichukua kikaango kikavu, akawasha moto mdogo kabisa, akamimina humo vijiko viwili vya mayai ya artemia. Kwenye sufuria ya pembeni akakaanga karanga ili harufu idhaniwe ni yao. Mwokaji wa keki anajua kupasha kitu bila kukibadilisha rangi. Alikoroga kwa mwiko wa mbao, polepole, akizima na kuwasha, mpaka alipohisi chembe zimeshika joto la kuua. Akazimwaga kwenye sinia zipoe. Zilikuwa za kahawia vilevile kama mwanzo, laini vilevile.

"Kunanukia karanga," Shalom alisema kutoka sebuleni.

"Ni ya keki."

Shalom alilipokea kopo kwa mikono miwili. "Yaya, najua haunipendi. Lakini merci."

"Enda muzuri," alisema Émerance.

Simu ya kwanza ya Shalom ilikuja kesho yake, maana alikuwa ameondoka na namba. Hakuna kilichotoka. Émerance, akiwa amekaa na miguu juu ya kiti, alimwambia aongeze taa. Simu ya pili alimwambia labda maji ni ya baridi, afunike chupa kwa blanketi. Shalom alifanya yote. Alibadilisha chumvi. Alikaa na chupa karibu na mbabula, jiko la makaa, akiigeuza kama mtoto mwenye homa. Émerance alizisikiliza taarifa hizo kwa raha kubwa, akakata simu na kucheka mpaka akakohoa.

Simu ya tatu iliingia wakati anapaka krimu keki ya ghorofa tatu. Aliweka spika ili mikono iwe huru.

"Yaya, balikufa," alisema Shalom. "Bote. Nilijaribu hata kiini cha yai ya kuku, maji ikaoza. Nilikuwa nataka kukuuliza tu kama nilikosea wapi."

Kabla Émerance hajajibu, sauti ya mwanamume ilivuma nyuma ya Shalom, karibu, kama mtu anayeingia chumbani.

"Unaongea na nani tena? Unaomba banani bakusaidie? Hata samaki banakushinda kulea!"

Kwenye simu ilisikika pumzi ya Shalom tu, imeshikwa, ya mtu anayengoja kitu kipite. Émerance aliijua pumzi ile. Alikuwa ameipumua yeye mwenyewe ndani ya nyumba hii miaka mingi.

Simu ikakatika. Mkono wake ulikuwa umebana mfuko wa krimu mpaka krimu ikafanya kilima katikati ya keki. Aliikwangua, akaanza upya, ikaharibika tena. Mwishowe alivua aproni, akafunga mlango, akatafuta taksi ya Ruashi.

Nyumba yao ilikuwa mpya, bado haijapigwa lipu, upande ule ambako vumbi la mgodi hukaa juu ya kila kitu. Symphorien mwenyewe ndiye aliyefungua.

"Unatafuta nini huku?"

"Mwite bibi yako."

Shalom alikwisha tokea nyuma yake. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alijitahidi kutabasamu, na tabasamu lile lilimfanya Émerance aseme haraka, bila utangulizi, asije akashindwa.

"Ile mayai niliyokupa, niliikaanga. Siku ile unakunywa chai. Ingekuwa mwaka muzima, haingetoka kitu. Haukukosea pahali."

Symphorien alielewa kwanza. "Mulozi!" alipiga kelele, na majirani wawili wakachungulia. "Musikie bote! Huyu mwanamuke ni mulozi! Amekuya kuua bitu yangu mu nyumba yangu!"

"Bitu yako iliuliwa na mimi, si na yeye," alisema Émerance. "Ukitaka kutukana, tukana mimi. Mimi nimezoea. Yale maneno ya samaki ulimwambia leo, uliniambia mimi mbele ya watu. Hauna hata tusi ya pili?"

Symphorien alimwinulia mkono. Émerance hakurudi nyuma. Mkono ulibaki juu, kwa sababu majirani walikuwa wamekuwa watano, na Symphorien alikuwa mtu wa kujali majirani. Aliushusha, akaingia ndani akitukana.

Wanawake wawili wakabaki getini. Émerance alidhani, na baadaye alijichukia kwa kudhani hivyo, kwamba Shalom angelia, au angemshika mkono.

"Nilikaa kwako," alisema Shalom taratibu. "Nilikunywa chai yako. Nilikushukuru."

"Ni kweli."

"Nililala chini siku mbili pembeni ya ile chupa. Nilikupigia simu, ukaniambia niweke blanketi."

"Ni kweli. Nimekuya kusema ili asikulaumu wee."

"Nani alikutuma? Ulifikiri nikikusikia nitasema tuko dada? Yeye ni mubaya, najua, nilianza kujua mbele ya weye kukuya. Lakini yeye ananipigia kelele usoni. Weye ulinitilia sukari mu chai." Akatema mate chini, karibu kabisa na kiatu cha Émerance. "Bwana yangu nitamalizana naye mwenyewe. Toka ku mulango yangu."

Geti likafungwa. Majirani hawakuondoka. Émerance alipita katikati yao akiwa amenyoosha shingo, akatembea hadi barabara kubwa, na taksi mbili zilimpita kabla hajakumbuka kuinua mkono. Ile keki ilichelewa. Bibi harusi alimpigia simu akimfokea, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea.

Ulipofika mwezi wa Septemba, joto likiwa limerudi, samaki wa kwenye beseni walikuwa wameota mapezi marefu na hawakutoshea tena. Aliwatia kwenye ndoo akawapeleka kwa Musonda. Kulikuwa na mteja mmoja mbele ya meza. Alikuwa Shalom. Alikuwa ameshika kopo jipya la artemia, akilitikisa karibu na sikio.

"Fungua moja, uitie mu maji hapa," alikuwa anamwambia Musonda. "Nitarudi kesho. Nikiona inatembea, nitanunua."

"Mama, nauzisha hii kitu miaka," Musonda alilalamika. "Kuko mutu alishakuibia?"

Shalom aligeuka akamwona Émerance na ndoo yake. Aliangalia samaki ndani ya ndoo, kwa muda, maana walikuwa wazuri na yeye alipenda samaki. Kisha akaweka kopo mezani, akakusanya pagne yake upande mmoja isiguse ndoo, na akatoka.

"Munajuana?" Musonda aliuliza.

"Tunajuana," alisema Émerance, akainua ndoo juu ya meza.