Kipande Kilichopikwa na Makande

Uchafu nimeuona mwingi. Nikiwa kibarua wa stesheni pale Mnyuzi, niliwahi kufungua behewa la samaki lililosahauliwa wiki tatu, na watu wakazimia hadi Korogwe mjini. Lakini hili la mwaka huu limezidi.

Mimi ni msomaji. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa lebo za marobota ya mkonge. Tangu nistaafu nina riwaya nne tu, nazirudia mpaka wahusika wake wananiamkia. Kwa hiyo Vipul, mwenye duka la vitambaa, aliponionyesha katoni ya riwaya thelathini na moja za marehemu baba yake, usingizi ulinihama.

"Nakupa bure, mzee," alisema, "ila kwanza unimalizie hii."

Ilikuwa picha ya vipande elfu moja, ile unayounga kipande kwa kipande: jumba la mawe mlimani. Yeye na mkewe Mital walishindwa miaka miwili.

"Ikamilike yote. Kikipungua hata kimoja, katoni inakwenda kwa mpwa wangu Tanga. Mwisho Jumamosi ya tano kuanzia leo."

Kuna raha kipande kinapokubali kuingia. Utadhani umemwozesha binti. Halafu kuna anga, vipande mia tatu vya buluu vinavyofanana kama mayai. Siku moja nilivitukana kwa Kizigua mpaka jogoo akaondoka uani. Vya buluu niliviweka kwenye sinia, vya kahawia kwenye ungo wa mke wangu Hamisa. Hapo ndipo nilipokosea. Nyumbani kwetu kilicho kwenye ungo ni chakula, hakuna anayeuliza.

Ijumaa ya mwisho likabaki tundu moja, mlangoni mwa jumba. Nikapekua mkeka wote.

"Hamisa, ungo uko wapi?"

"Nimechambulia maharage."

"Hukuona kitu?"

"Mawe nimeyatoa. Vya kahawia vyote nimevitia chunguni."

Makande yalikuwa yameshapakuliwa. Shemeji yangu Ukasha, kaka yake Hamisa, aliyetutembelea kutoka Handeni, alikuwa sahani ya pili. Alitafuna kitu polepole, jicho moja kalifumba.

"Dada, haragwe hili halijaiva."

"Tema, shemeji!"

"Unaninyima makande?"

"Tema nakwambia!"

Akatemea kiganjani. Kilitoka na uzi wa mate wa kufungia mbuzi. Kimevimba, kina alama za meno yake matatu, ambayo ndiyo yote aliyonayo, na ganda la hindi limekigandia mgongoni. Nilipokinyooshea mkono akafunga ngumi.

"Kina kazi gani?"

"Dawa ya minyoo," nikadanganya.

"Basi namezea maji."

Ikabidi niseme kweli.

"Riwaya thelathini na moja?" Macho yakamng'aa. "Nazisoma mimi kwanza, zote. Hutaki?" Akakirudisha mdomoni, akakizungushia shavu la pili.

Nikakubali, nikamkingia kiganja.

Nilikianika juani, nikakigongagonga kwa mchi, kikaingia. Jumamosi Vipul aliinama juu ya picha, akanusa.

"Mzee, mbona mlangoni pananuka kitunguu?"

"Ndipo lilipo jiko lao."

Alicheka, akanipa katoni. Ukasha akaondoka nayo Handeni siku hiyohiyo.

Huu mwezi wa pili, ananirudishia moja moja. Ukasha ni mtu wa ugoro, na hafunui ukurasa bila kulamba kidole. Kurasa zimegandana, pembe zote zina rangi ya kutu, na katikati ya mapenzi unakuta chafya yake imekauka. Jana nilimwomba Hamisa koleo la mkaa.

"La nini?"

"La kufunulia."

"Si uache kusoma!"

Niache? Niko ukurasa wa arobaini. Mwanamke kafungiwa chumbani, mlango unagongwa, na jina la anayegonga limefunikwa na kitu kinachong'aa. Nimeziba pua. Nakikwangua kwa kijiti, taratibu, herufi kwa herufi.