Sanda za Duka la Bakari

Bakari Mbwana alikuwa na duka la nguo Mtongwe, upande wa Likoni. Tangu alipolifungua mwaka 1983, yeye na mkewe Mwanasaumu walikuwa na desturi moja: aliyefiwa naye hana uwezo, alipewa sanda bure. Bakari mwenyewe ndiye aliyekata. Hakuuliza dini wala kabila.

Asubuhi ile ya Aprili 1994 kivuko kilipozama, kilikuwa kimejaa watu waendao kazini kisiwani, ng'ambo ya maji. Mwanatabu, binti yao wa pekee, alikuwa karani huko, na alikuwa ametoka nyumbani alfajiri. Mwanasaumu alikimbilia ufukweni bila viatu. Bakari alikwenda kufungua duka.

Maiti za kwanza zilipotolewa majini, watu wakaanza kuja. Bakari alikata bafta nyeupe ya sanda, jora baada ya jora. Kabla ya adhuhuri aliingia Thoya, fundi baiskeli, macho yamemwiva.

"Mzee, ni Mbeyu wangu. Lakini sisi ni watu wa kanisa."

"Mkeo ni mkeo, mwanangu. Shika."

Thoya hakuondoka. "Na Mwanatabu je?"

"Mamake amekwenda kumwangalia."

"Nenda nawe, mzee. Hapa tutakata sisi."

"Hawa niwaachie nani?" Bakari alisema, akaita aliyefuata.

Alasiri Mwanasaumu alirudi, leso aliyojifunga imeroa maji ya bahari. Watu wakampisha.

"Kata ya mwanao," alisema.

Bakari alikunjua kitambaa, akapima, akapima tena. Alitia mkasi, akautoa, akashindwa kukata. Mwanasaumu akamsogeza taratibu, akakata mwenyewe vipande vyote vitano vya sanda ya mwanamke.

Desturi haikukoma, ila tangu siku ile aliyekata alikuwa Mwanasaumu. Kila alipoingia mfiwa, Bakari alitoka kwa mlango wa nyuma. Wao wawili hawakuizungumza siku ile hadi mwaka wa tatu, wageni wa hitima ya Mwanatabu walipokwisha kuondoka.

"Baba Mwanatabu, kwa nini hukuja? Nilimtafuta peke yangu, nikifunua nyuso za watu."

Bakari aliketi mkekani.

"Watu walinisifu kwamba niliacha langu nikashika lao. Wallahi si kweli. Niliogopa. Nilijiambia nisipokwenda, huenda bado yu hai."

Mwanasaumu hakumwambia kuwa amemsamehe. Alisogea tu mkekani, akaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza wakamlilia mtoto wao pamoja.