Picha Chini ya Khanga ya Bi Zubeda

...na pini mbili nimeshazichomoa, zimebaki mbili, mgeni rasmi bado anashukuru, ameshukuru kamati, ameshukuru serikali ya mtaa, sasa anaishukuru mvua kwa kutonyesha leo, watu wanacheka kidogo, cheko la adabu tu, na mimi nimesimama kando ya picha yangu kubwa, mkono mmoja kwenye pindo la khanga, mshereheshaji akisema tu karibu dada Herieth utufungulie, navuta, ndiyo kazi pekee iliyobaki, kuvuta, halafu makofi, halafu Revelian atanipa mkono mbele za watu... yule pale karibu na mlango, amekunja mikono, ndiye aliyeandaa maonesho haya, alikuja nyumbani akazipitia picha zangu zote za ukuta wa godauni ulioanguka, matofali, vyerehani vilivyopondeka, sare za shule zimetapakaa kwenye matope, akazipita haraka haraka mpaka akafika kwa Mwajabu, mjane wa fundi aliyefia pale, akasema hii ndiyo picha, Herieth, nyingine zote zinaisindikiza tu, nami nikafurahi, Mungu wangu, nilifurahi, jioni ile nilipika huku naimba, mjane wa watu amekaa kwenye mkeka na mimi naimba... "kwa sababu sanaa," anasema mgeni rasmi, "sanaa ni tiba," na Bi Zubeda anatikisa kichwa kukubali, yuko mstari wa mbele, mama yake marehemu Nassibu, mume wa Mwajabu, amebaki na khanga moja ya chini na mtandio, maana ile ya juu ndiyo hii niliyoishika, ni ya kwake, nani aliyenituma niipokee, pazia alilolileta Revelian lilikuwa fupi, tukawa tunahangaika nalo, picha bado imegeuziwa ukutani, Bi Zubeda akaingia mapema kuliko wote, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akatutazama, akavua khanga yake mabegani bila hata kuulizwa, akasema funikeni na hii, hii ni pana, na Mfaume, fundi mwenzake Nassibu, akatoa pini nne kwenye ukosi wa shati, mafundi cherehani hawakosi pini, akanikabidhi, nikamfunika mkwe kwa khanga ya mama mkwe na mikono haikunitetemeka. Ingenitetemeka ningejisikia nafuu sasa. Kisha akaniuliza, ndilo neno linalonizunguka kichwani tangu hapo, akaniuliza kwa sauti ya chini,

"Na huyu mliyemfunika ni nani, mwanangu? Ni Nassibu?"

na mimi nikatabasamu, nikasema utaona mama, nikatabasamu kama muuza duka, na yeye akaona haya kidogo kwa kuuliza, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa picha, akaenda kukaa... hapana, hakwenda kukaa moja kwa moja, alirudi, alikuwa amesahau salamu, "Mwajabu anakusalimia sana. Kasema zile picha zake umtunzie vizuri, atakuja kuziona mwenyewe akishatoka eda," nikasema wa alaikumu salamu, mimi Mkristo wa Masasi kwa wazazi lakini mtoto wa Mbagala kwa kuzaliwa, naijua salamu, naijua eda pia, ndiyo shida yangu, nikitafuta neno "sikujua" silipati popote, nimekua na majirani hawa ukuta kwa ukuta, mama Mwanaidi wa nyumba ya pili alipofiwa nilitumwa mimi kumpelekea uji ndani kwa kuwa kaka zangu wasingeweza kuingia, nilikuwa mdogo na nilielewa, sasa nimekuwa mtu mzima mwenye kamera ndiyo sielewi... mgeni rasmi anatafuta karatasi yake, ameipata, anaendelea, na Mwajabu alinifungulia mlango mwenyewe siku niliyokwenda kumpiga picha, akasema ingia, we mwanamke mwenzangu, chumba kina harufu ya nguo zilizofuliwa tu, hakuna udi, hakuna mafuta, hakuna wanja, amevaa nyeupe, nywele amezifumua na hazijasukwa, akaniambia sijajitazama tangu msiba, dada, nataka uniweke kwenye picha, baadaye nije nijue nilikuwaje, nikasema sawa, nikamwomba asogee dirishani, akasogea, nikamwomba asogee tena, akasogea, khanga ikamteleza begani na machozi yakaja na mimi nikafanya nini, sikumshika mkono, nikapunguza mwanga nikapiga, nikapiga tena, na nilipokuwa nafunga begi akasema,

"Lakini hizi zikae kwako, dada. Mpaka nitoke."

nikamwambia usijali. Usijali, neno jepesi, linatoka lenyewe. Revelian aliponiuliza ameridhia, nikasema ameridhia, kwani si aliridhia kupigwa, nilijiambia hivyo, kupigwa na kuoneshwa vimepishana kidogo tu, na tena nikajiambia, sikia akili zangu, nikajiambia picha si mtu, kukaa eda ni mwili wake na mwili wake uko ndani, hauonwi na yeyote, hoja nzuri hiyo, nikaipanga vizuri kabisa na sasa imenikimbia... watu wanapiga makofi, nimeshtuka, si mimi, ni mgeni rasmi ameahidi kitu, ukuta mpya labda, Mfaume anapiga makofi mstari wa pili pamoja na mafundi wenzake, wamevaa kanzu zao za Ijumaa, hawa ndio wanaompelekea Mwajabu mahitaji yake ya sokoni, niliwaona, wakifika mlangoni wanakohoa kwanza, wanaweka kikapu kizingitini, halafu wanageuka, wanatazama barabarani mpaka mkono utoke ukichukue na mlango ufungwe, hata hawasemi kitu, niliipenda ile hali, niliipiga picha, si ile pale, ya tatu kutoka kushoto, mgongo wa Mfaume na kikapu, nimeiandikia chini "Heshima," kwa mkono wangu, kwa herufi za kupendeza, na wageni wa mjini wamesimama mbele yake tangu asubuhi wakiisifu, na mimi nikiwaeleza, nikiwaeleza mimi, kwamba hawa wanaume hawatamtazama mpaka siku zake ziishe, tazameni mgongo unavyosema... Herieth, umewaeleza wewe, kwa kinywa chako, hatua chache tu kutoka hapa ulipomtundika mwanamke huyohuyo, kichwa wazi, bega wazi, mkubwa kumzidi mtu aliyesimama, ili mgongo wa Mfaume ugeuke na macho yake yakutane naye. Ndivyo nilivyofanya. Na baada ya hapo Mfaume atapelekaje kikapu tena, atakohoa vipi kwenye mlango ule, na yeye Mwajabu atasimuliwa usiku huuhuu, mtaa wetu hausubiri kesho, atakaa kwenye mkeka ule akijua kwamba wote wameshamwona isipokuwa yeye mwenyewe, aliyetaka kujiona. Naona aibu mpaka masikio yanawaka, natamani umeme ukatike, siku nyingine unakatika kwa jambo dogo, leo taa zote zinawaka kama za harusini... "na sasa, bila kupoteza muda," anasema mgeni rasmi, na anaupoteza, anakumbuka jambo la usafi wa mitaro, simu zinainuliwa, Mfaume ameinua ya kwake, Revelian ananitikisia kichwa toka mlangoni, tayari, na vidole vyangu vimeshaanza, sikuviamrisha, pini niliyoificha kiganjani inapita kwenye pindo, inaingia, ya pili inaingia, imenichoma, sawa, inichome, Revelian ameacha kukunja mikono, anauliza kwa macho kuna nini, nabonyeza pembe zote, haitoki sasa hata kwa upepo, maonesho mengine sitaitwa, najua, na hilo si kitu kizito hata robo ya ninachokiogopa, maana nikigeuka nitawaambia kwamba hii haifunguliwi, watanong'ona, watasahau, watakunywa soda, lakini wa mstari wa mbele ameshajiweka sawa kwenye kiti, amekamata ncha ya mtandio tayari kwa kufutia macho, ananitabasamia, lile tabasamu langu la asubuhi ananirudishia yeye likiwa la kweli, na bado hakuna aliyemwambia kwamba chini ya khanga yake hayumo Nassibu.