Pingamizi Lenye Lakini

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na tuliseme mapema lisije likatuzibia njia huko mbele. Dereva aliyeitwa Hoja alisimama kwenye dirisha la karani wa halmashauri, kifua mbele kama jogoo aliyewahi kuamka, na nyuma yake madereva wa teksi wa kituo kizima. Alidai atajiwe mtu aliyepinga nauli mpya. Alisema mtu huyo ni adui wa watoto wao, mla jasho la wenzake, na kwamba yeye binafsi angependa kumwona uso kwa uso. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka, akachukua kikombe chake cha chai, akapiga funda moja la kujipa nguvu.

"Ukitaka kumwona," alisema, "choo cha wageni kiko mwisho wa korido. Kina kioo."

Madereva wakacheka. Halafu kicheko kikaanza kufa, kinywa baada ya kinywa, kadiri kila mmoja alivyoelewa.

Mambo yalikuwa hivi. Nauli ya teksi mjini pale haikupangwa na dereva wala abiria; ilipangwa na madiwani wa kamati ya usafiri. Kamati ikishakubali nauli mpya, tangazo lilibandikwa ubaoni ili wananchi walisome. Asipotokea wa kupinga, siku zikitimia nauli ilianza yenyewe, kila gari likapelekwa mita yake ya kuhesabu nauli ikarekebishwe na kufungwa kwa lakiri isichezewe. Akitokea wa kupinga, hata mmoja, nauli ilirudi kamatini ikafikiriwe upya. Mapitio yaliyotangulia yalifanyika mtoto wa mwisho wa Hoja akiwa bado tumboni. Sasa mtoto huyo alikuwa akiazima viatu vya babake. Katika muda wote huo bei ya mafuta ilipanda kama mbuzi kwenye kichuguu, na nauli ikabaki chini inamtazama.

Kwa hiyo madereva walipeleka ombi, Hoja ndiye msemaji wao, na baada ya nenda rudi ya kuchosha mbwa, kamati ikaongeza. Tangazo likatoka. Hoja akalisoma akiwa amesimama juani, akaona kwamba ya kuanzia safari imepanda na ya umbali imepanda, ila malipo ya kusubiri hayakuguswa. Damu ikamchemka. Nusu ya maisha ya dereva ni kusubiri: kwenye msongamano gari halisogei, mita inasinzia, injini inakunywa. Akaenda zake kuandika pingamizi kwa mwandiko mzuri, akalitia saini yenye mkia.

Kosa lake lilikuwa kosa la kazi yake. Tangu enzi ambazo gari lisilo na mita lilikuwa jambo la kawaida, kituoni pao walifundishana kwamba dereva anayekubali bei ya kwanza hajui kulea watoto. Abiria akitaja, unatikisa kichwa. Anaongeza kidogo, unafungua mlango. Hoja alidhani halmashauri nayo ni abiria. Akatikisa kichwa, akangoja iongeze. Aliposikia nauli imekwama kwa sababu kuna aliyepinga, hakujihesabu, maana yeye alitaka nyongeza tu. Yeye alidhani anapatana bei, kumbe alikuwa anazima gari.

Madereva waliondoka mmoja mmoja. Hawakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana tusi angelijibu. Mmoja tu alisema anakwenda kuwaeleza wenzake kwamba adui wa watoto wao amepatikana, na ana afya njema.

Aliyebaki alikuwa Mzee Gia, dereva mkongwe aliyemfundisha Hoja udereva, akiwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kofia magotini. Gari la mzee huyo lilikuwa uani kwake juu ya matofali, likingoja giaboksi. Fundi alikuwa tayari kumfungia, mradi nauli mpya ianze apate uhakika wa kulipwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye alikwisha kulizunguka gari hilo, akiligonga ubavuni kwa kidole kama mtu achaguaye tikiti. Mzee alikuwa amemwambia angoje, nauli ikikwama aje na mizani.

Kamati ilikuwa na kikao mchana huohuo, ng'ambo ya korido. Karani akaeleza, bila haraka, kwamba aliyepinga akiondoa pingamizi lake kabla ya mwenyekiti kufungua kikao, nauli inaanza. Asipoliondoa, kamati italipokea, halafu itaingia kwenye bajeti, na kutoka kwenye bajeti itaingia likizo. Akampa karatasi na kalamu.

Hoja akaandika. Karani akasoma kwa sauti: "Naondoa pingamizi langu, lakini kamati itambue kuwa malipo ya kusubiri ni uonevu." Akairudisha karatasi. Alisema hilo ni pingamizi jipya, tena limeandikwa vizuri kuliko la kwanza.

Akaandika tena, kwamba analiondoa kwa kulazimishwa na mazingira. Karani akamwambia akiipeleka hiyo, mwenyekiti ataunda kamati ndogo ya kuchunguza mazingira.

"Lakini nina haki au sina?" Hoja aliuliza.

"Unayo," karani alijibu. "Iandikie ombi lake, mapitio yajayo."

Mapitio yajayo! Alijiona ameshika kalamu kwa niaba ya mjukuu ambaye hajazaliwa. Jambo lenyewe lilikuwa kweli. Kila dereva alilijua, na pengine hata madiwani walilijua, wale waliokuwa sasa wakipita nyuma yake wakiingia ukumbini, wakinukia sabuni, wakiulizana habari za nyumbani. Kumeza uongo ni rahisi, hushuka wenyewe. Neno la kweli ukilimeza hukwama kooni kama mwiba wa samaki. Akageuka kumtazama mzee, akitarajia lawama, maana lawama ingempa pa kushika.

"Mwanangu," Mzee Gia alisema, "unakumbuka nilikufundisha kurudi nyuma kabla sijakufundisha kwenda mbele? Ulinuna wiki nzima." Akaendelea kuigeuza kofia yake magotini, polepole, kama anayetafuta njia kwa usukani.

Hoja akavuta karatasi ya tatu. Akaandika maneno matatu, akaweka nukta, akaikandamiza hadi karatasi ikataka kutoboka. Karani akagonga mhuri, akamkabidhi tarishi, naye akavuka korido na kuingia ukumbini. Mlango ukafungwa. Karatasi ilikuwa imewahi: ndipo kutoka ndani ikasikika meza ikigongwa, mwenyekiti akifungua kikao.

Mzee akavaa kofia yake, akasimama. Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Hoja akabaki dirishani, na ile lakini aliyonyimwa kwenye karatasi ikatafuta mlango mwingine.

"Lakini dada yangu, ninyi mnanijua. Ni mimi huyuhuyu niliyeleta ombi la kupandisha. Mliposoma kwamba napinga, si mngeniita tu mkaniuliza namaanisha nini?"

Karani akavua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake.

"Kaka, abiria akikwambia simama hapa, wewe husimama, au humuuliza kwanza anamaanisha nini?"