Shikamoo ya Bingwa

Mwaka tisini na tano, kambi ya wakimbizi ilipokuwa imejaa watu kuliko Ngara yetu yote, Thobias, mtoto wa marehemu kaka yangu, alipata kazi ya kuzunguka. Sitanii. Kila Jumapili baada ya misa, mfanyabiashara mmoja wa kambini alimpa pikipiki, naye akashindana na vijana wenzake kuuzunguka uwanja wa mpira, kushoto tu, mpaka vumbi likatufunika sote. Mshindi alipewa mafuta ya kula na sabuni. Thobias alishinda kila mara, na jembe lake kule kijijini kwetu Keza likaota kutu.

Maarifa aliyapata kwa fundi mmoja wa Kizungu. Huyo alimwambia kwamba huko Ulaya wapo watu wanaokula kwa mchezo huo huo, na pikipiki zao hazina breki hata moja. Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Thobias aling'oa breki zote, akafunga kipande cha bati chini ya buti la kushoto ili aliburuze kwenye kona. Watu wakamwita Bingwa, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mfanyabiashara akamwachia pikipiki wiki nzima, na hata kisimani akawa anakwenda nayo.

Sasa, kwetu kijana akikutana na mkubwa njiani, hata kama yuko juu ya baiskeli na mzigo wa ndizi nyuma, hushuka kwanza ndipo akatoa shikamoo. Kusalimia ukiwa umekaa ni tusi. Wapo waliokosa wake kwa kosa hilo.

Naye Thobias alitaka mke. Alimtaka Domisiana, binti wa Mzee Matiasi wa Bukiriro, na alimpenda kweli, hilo simnyimi. Sabuni zote za ushindi zilikwenda kwake. Mimi nikawa mshenga. Nilimshauri twende kwa miguu na mtungi wetu wa rubisi, pombe ya ndizi ya posa, tufike kama watu. Akanijibu kwamba bingwa hatembei, nitangulie tu. Nilimwambia heshima si utumwa. Akanipigapiga begani, mimi baba yake mdogo.

Basi nikatangulia, mtungi kichwani kwa umri wangu huu. Nyumba ya Matiasi iko chini ya mteremko. Wazee walikuwa wamekaa uani, Domisiana na mama yake wamesimama mlangoni mwa jiko. Tuliposikia ngurumo kilimani, Mzee Matiasi alichukua fimbo yake akatoka hadi njiani kumpokea mgeni, heshima ambayo mgeni huyo hakuistahili.

Thobias alitokea kwenye kona amelala upande wa kushoto, bati likichimba changarawe. Kona aliikata vizuri, sikatai. Kisha akamwona mzee mbele yake, na nadhani ndipo alipotambua kwamba uwanja wa mpira hauna mteremko.

"Shikamoo, mzee," alisema akipita.

Marahaba haikumfikia. Alikuwa ameshavuka ua, ametawanya kuku, ameingia kwenye migomba, na huko ngurumo ikakatika.

Alirudi mzima, matope mpaka masikioni. Akainama sana, akatoa shikamoo ya pili yenye adabu zote. Mzee aliiitikia, maana yeye amelelewa. Halafu akamwita binti yake mbele ya mtungi, akamwuliza kama desturi inavyotaka: je, pombe hii tuinywe au tusiinywe?

Domisiana alikuwa analia. Alimpenda yule mjinga wangu, kila mtu aliliona hilo.

"Baba, wewe umetoka kusimama njiani kwa ajili yake, naye hakuweza kusimama kwa ajili yako," alisema. "Mimi nikishikwa na uchungu wa uzazi, atasimama? Msiinywe."

Nilijitwika mtungi wangu ukiwa umejaa vilevile. Tukaupanda mlima, Thobias akisukuma pikipiki iliyopinda usukani, machozi yakimtoka. Hasira yangu yote ikayeyuka. Nilitafuta maneno ya kumfariji, nikawa karibu kuyapata. Tulipofika kwenye ile kona alisimama, akautazama mfereji uliochimbwa na bati lake.

"Baba mdogo," aliniuliza, "lakini hii kona wazee waliiona?"