Udongo wa Unyayo

...na wino wenyewe baridi, dole gumba limeshapakwa, limebaki hewani kama la mtu anayesimamisha lori la kabichi, na huyu muuguzi Hashimu bado anasoma, “kipande kidogo cha nyama kitachukuliwa mguuni baada ya ganzi,” kidogo, hata yule mganga wa Mikese alisema atachanja kidogo, akachanja mara saba, na mguu ukazidi kuvimba, ukatoboka, ukatoa punje nyeusi kama baruti, miaka kumi na tisa Bibi Cecilia anaufunika kwa kanga kama mtoto aliyelala, na leo uko juu ya kigoda, wazi, barazani kwake, Mgeta nzima ikipita ione, na mjukuu wake Neema amepiga magoti kando yake wala hazibi pua... “Ni kuvu, bibi, inaishi kwenye udongo, inaingia na mwiba,” ndivyo alivyosema asubuhi, akafungua kompyuta yake ya kazini mjini Morogoro, akaonyesha vitu vya rangi vinavyojikunja kama majani ya maboga, tunatafuta chanjo, bibi, hatupondi dawa, hatuchemshi, kompyuta inapekua kuvu kipande kwa kipande, inatafuta vile ambavyo mwili ukifundishwa utavitambua na kuvishambulia, tulianza na vipande elfu tatu, vimebaki kumi na viwili, ila kuvu tuliyoipekua ni ya nchi nyingine, ya milima yetu hakuna aliyewahi kuisoma, ya kwako ndiyo itakuwa ya kwanza, na yeye akauliza, chanjo hiyo itaniponya? Mtoto hakumficha, “Haitakuponya wewe, bibi. Itachukua miaka, na huenda ikashindikana.” “Kumbe! Mke mwenzangu, unanichuna nyama ili wapone wengine!” na Hashimu akacheka mpaka karatasi zikamponyoka... “una haki ya kukataa bila kutoa sababu,” anasoma, afadhali, maana sababu yenyewe utaitoaje, si kisu anachokiogopa, kisu amekizoea, ni lile swali la Neema, “Bibi, uliacha lini kuvaa buti?” akajibu zilichanika, uongo, mbele ya rozari yake mwenyewe, buti zile Alois alimnunulia, marehemu mumewe, “Vaa, mama, bondeni kuna miiba,” nzima mpaka leo, ziko darini, alizivua mwenyewe wiki ya arobaini ya Alois, siku wifi yake Scholastika aliposimama mpakani mwa tuta la karoti, mikono kiunoni, “Hili shamba la ukoo wetu, wewe na wanao mna ukoo wenu, utalikanyaga mpaka lini?” maana huku mtoto hufuata ukoo wa mama, utalikanyaga, ndilo neno alilosema, na Cecilia akageuka akaziona nyayo zake kwenye tope, mistari ya buti, hakuna mwingine njia nzima mwenye mistari ile, nani atashindwa kuuzoa udongo wa unyayo wake akaupeleka kunakopelekwa, amroge nao? Akavua, akatembea peku ili unyayo wake upotee kati ya nyayo za watu, na mwiba ukamchoma, na masika ya pili mguu ukaanza, akasema, ameuzoa, Scholastika ameuzoa... kumbe ni huo udongo, Mungu wangu, hakuna aliyeuzoa, yeye ndiye aliyeufuata peku kila siku, na kanisani wakiambiwa wapeane amani anainama kutafuta kitambaa ambacho hakijaanguka, asimpe wifi yake mkono, na akibandika dole hili hapa amekubali ni kuvu, na ikiwa ni kuvu basi wifi yake ana mikono safi tangu siku ile, na nani atamrudishia Scholastika miaka kumi na tisa... “matokeo yatatumiwa katika utafiti,” anasoma Hashimu, na Neema anamnong’oneza, “Umechoka, bibi?” anatikisa kichwa, hajachoka, anamwona Scholastika Jumapili iliyopita akishuka ngazi za kanisa upande upande, kisigino hakigusi chini, wanawake wakisema ana kinundu, anakificha, wanasema Cecilia naye amelipiza, na yeye akasikia, Mungu amsamehe, akafurahi kidogo... kinundu, Neema kasemaje, kikiwahiwa kingali kidogo, vidonge vinasaidia, kingali kidogo! Na yule mwanamke sasa hivi huenda anatafuta nauli ya Mikese, akachanjwe, kwa kumwogopa yeye, na nani wa kumwambia Scholastika kwamba ni udongo tu, atamwamini nani, daktari? Hapana, atamwamini mwenye mguu huu, akipanda kwake na mkongojo wake, Neema nyuma na kompyuta, aseme, wifi, mimi sikukufanya kitu na wewe hukunifanya kitu, toa mguu tuuone, atafukuzwa, sawa, atakaa mlangoni mpaka chai ichemke, na ile kuvu yao isomwe, iwe yao wawili, ya kwanza milimani... “Ukurasa wa tatu,” anasema Hashimu, analowesha kidole ulimini, anafunua, na Bibi Cecilia, dole likiwa bado hewani, anauangalia mlima ulivyo mrefu hadi kwa wifi yake, na anaona kijana huyu anasoma polepole mno.